Mnyonge wa Filamu na Mnyonge wa Kweli: Uhakiki wa Filamu za Michezo Zitokanazo na Visa vya Kweli

Msimulizi wa ngano aanzapo kazi yake huwaomba wasikilizaji ruhusa. Husema "Paukwa", nao humjibu "Pakawa", na kwa maitikio hayo mafupi pande zote mbili huwa zimekwisha kupatana: kitakachofuata si ushahidi wa mahakamani, wala hapana atakayeulizwa kesho yake kama ni kweli Sungura alimpanda Fisi mgongoni kama punda. Mapatano hayo humpa msimulizi uhuru mkubwa. Lakini humnyima jambo moja vilevile, nalo ni haki ya kudai kwamba yaliyompata Sungura ni thibitisho la jinsi mambo ya ulimwengu yanavyokwenda.

Filamu za michezo zitokazo Marekani, hasa zile zinazosimulia jinsi mnyonge alivyomshinda mwenye nguvu, zina kianzio chao pia. Maandishi machache hutokea juu ya skrini na kueleza kuwa kisa hiki ni cha kweli, au kimetokana na kisa cha kweli, au kimechochewa na kisa cha kweli. Kwa mwanasheria wa kampuni ya filamu tofauti kati ya kauli hizo tatu ni kubwa mno. Kwa mtazamaji aliyekwisha kuketi gizani zote ni kauli moja. Kazi yake ni kinyume kabisa cha kazi ya "Paukwa". Haimwombi mtazamaji ruhusa ya kubuni, bali humtaka imani. Baada ya kuipata imani hiyo, filamu huendelea kufuata njia ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi angeitambua: timu isiyothaminiwa na mtu yeyote, mwalimu wa mchezo aliyewahi kuanguka na ambaye anatafuta kujisafisha, mazoezi makali yaliyofupishwa kwa muziki, ugomvi baina ya wenzi, na pambano la mwisho linaloamuliwa katika sekunde za mwisho. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliotolewa mwaka 1928, aliorodhesha kazi 31 za wahusika. Kwa filamu hizi pengine angemaliza orodha yake kabla ya chakula cha mchana.

Kusema kwamba filamu hizo hubuni si kuzihakiki. Kila sanaa hubuni, na mtunzi wa utendi wa kihistoria aliyempa shujaa wake maneno ambayo hakuyasema hakumkosea mtu. Jambo linalopasa kuulizwa ni jingine: ubunifu huo huangukia mahali gani? Ikiwa mtunzi amebadili jambo hapa na jambo pale kwa kadiri ya mahitaji ya fani, hapana neno. Lakini ikiwa filamu nyingi, zilizotungwa na watu mbalimbali, kuhusu michezo mbalimbali, katika nchi mbalimbali, zinabadili ukweli mahali palepale kila mara, basi mahali hapo pana jambo ambalo fani hii haiwezi kulivumilia.

Mfano wa badiliko lisilo na madhara ni Chariots of Fire, filamu ya Uingereza ya mwaka 1981 iliyoelekezwa na Hugh Hudson. Humo Eric Liddell, mkimbiaji Mskoti na Mkristo mwenye kushika sana siku ya Bwana, anapata habari kwamba mchujo wa mita 100 utafanyika Jumapili wakati anapopanda meli kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 1924. Ukweli ni kwamba Liddell alijua miezi kadhaa kabla, akapata muda wa kujitayarisha kwa mita 400, mbio alizoshinda kwa sekunde 47.6. Mtunzi ameyakusanya mashaka ya miezi mingi katika dakika moja ya ngazi ya meli. Liddell hakufanywa mnyonge kuliko alivyokuwa, wala imani yake haikupunguzwa uzito. Wakati tu ndio uliokunjwa, jambo ambalo tamthilia imelifanya tangu zamani. Likubaliwe basi na kuachwa.

Hali ni tofauti katika Hoosiers, filamu ya 1986 iliyoandikwa na Angelo Pizzo na kuelekezwa na David Anspaugh, ambayo wengi huihesabu kuwa bora kabisa katika aina yake. Wala hawajakosea. Filamu hii inasimulia habari za shule ndogo ya kijijini iitwayo Hickory, katika jimbo la Indiana, inayotwaa ubingwa wa jimbo zima wa mpira wa kikapu. Hickory ni mji wa kubuni, lakini kisa kilichochochea filamu kinajulikana. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161, iliishinda Muncie Central kwa alama 32 kwa 30 katika fainali. Katika siku hizo Indiana ilikuwa na shindano moja tu kwa shule zote, kubwa na ndogo, na Muncie Central ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa huo mara nne. Bobby Plump ndiye aliyetupa mpira wa ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache. Hayo yote ni kweli, na kwa hakika hayahitaji chumvi.

Hata hivyo chumvi imetiwa, na yafaa kuangalia ni chumvi ya namna gani. Mwalimu wa timu katika filamu, Norman Dale, ambaye Gene Hackman amemwigiza kwa ustadi mkubwa, ni mtu wa makamo aliyewahi kufungiwa kwa kumpiga mchezaji wake. Amefika Hickory kwa kuwa hapana pengine panapomtaka. Mwalimu halisi wa Milan, Marvin Wood, alikuwa kijana wa miaka 26, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili tu shuleni hapo. Timu ya Hickory inaanza na wachezaji wasiotosha hata kufanya zoezi la kawaida, na mji mzima unataka kumfukuza mwalimu. Timu ya Milan, kwa upande wake, ilikuwa imefika hatua ya nusu fainali ya jimbo mwaka mmoja kabla, 1953, na wengi wa wachezaji wake walirudi uwanjani mwaka uliofuata. Waliowatoa mwaka huo wa 1953 walikuwa South Bend Central. Na South Bend Central ndilo jina ambalo filamu imewapa wapinzani wa Hickory katika fainali. Watunzi basi waliijua historia hiyo vizuri. Waliyoyaacha hawakuyaacha kwa kutojua.

Nini kimepotea kwa kuyaacha? Umepotea mwaka mzima wa 1953. Milan ya kweli haikushukiwa na ushindi kama mvua ya kiangazi. Ilijaribu, ikashindwa, ikajua mahali iliposhindwa, ikarudi. Ilikuwa ndogo, naam, lakini haikuwa hafifu, na tofauti kati ya udogo na uhafifu ndiyo ambayo filamu haikuweza kuibeba. Fani yake inataka mnyonge atoke chini kabisa, ili umbali kati ya shimo na kilele uwe mrefu iwezekanavyo. Kwa sababu hiyo mnyonge halisi hana budi kushushwa daraja kabla ya kuinuliwa.

Lipo jambo la pili, nalo ni la ajabu zaidi kwa mtu aliyelelewa na ngano za Afrika Mashariki. Wood aliwafundisha vijana wake namna ya uchezaji iliyofananishwa na mchezo wa paka na panya, yaani kuushika mpira, kusubiri, na kumchosha mpinzani kwa kumlazimisha atoke katika ngome yake. Katika robo ya mwisho ya fainali ile ya 1954, Milan ikiwa nyuma kwa alama mbili, Plump alisimama na mpira mikononi kwa zaidi ya dakika nne bila kufanya lolote. Kanuni za wakati ule ziliruhusu. Maelfu ya watazamaji walikuwa wakimtazama kijana aliyesimama tu! Alipotupa mara hiyo alikosa. Lakini Muncie Central nayo haikupata nafasi ya kuwaacha wenzake mbali, na mwisho wa mchezo ukafika pale Wood alipoutaka. Huyu ni Sungura mwenyewe. Ni werevu wa mdogo anayejua kwamba akikubali kupigana kwa masharti ya mkubwa ataliwa, basi hukataa kupigana hadi masharti yageuke.

Katika filamu dakika hizo nne hazipo. Mahali pake ipo faragha ya mwisho ambamo mwalimu anataka kumtumia mchezaji wake hodari kama chambo tu, vijana wengine wananyamaza kwa huzuni, na kijana huyo anasema kwa sauti ya chini kwamba yeye atautia mpira kikapuni. Mwalimu anakubali. Ushindi umehamishwa kutoka kichwani hadi moyoni. Hapana haja ya kukana kwamba tukio hilo linasisimua. Ila ifahamike kwamba ngano za wanyonge wa Afrika Mashariki hazikuwa na imani kubwa namna hiyo na moyo peke yake. Zilimpa mdogo akili, kwa kuwa zilitungwa na watu waliojua kwamba moyo mkubwa haumzuii simba. Filamu ya Marekani inampa mdogo moyo, na kumnyima akili aliyokuwa nayo kweli.

Kwa haki, pamoja na hayo, tukio moja la Hoosiers lipewe sifa yake. Vijana wa Hickory wanapoingia katika ukumbi mkubwa wa Indianapolis na kushikwa na woga, mwalimu wao anatoa utepe wa kupimia na kuwaamuru wapime umbali wa kikapu hadi mstari wa mitupo huru na kimo cha kikapu. Vipimo ni vilevile vya ukumbi wao mdogo nyumbani. Hapo hapana hotuba. Kuna utepe, namba, na nyuso za vijana zinazoanza kutulia. Tukio hilo ni la kubuni, nalo liko karibu na akili ya Marvin Wood kuliko mahali pengine popote katika filamu.

Cool Runnings, iliyotolewa mwaka 1993 ikiwa imeelekezwa na Jon Turteltaub, haina uzito wa Hoosiers wala haidai kuwa nao. Ni kichekesho kuhusu Wajamaika wanne wanaokwenda Calgary, Kanada, katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988 kushindana kwa gari la kuteleza juu ya barafu, hali kwao hapana barafu ila ya kutia katika vinywaji. Timu hiyo ilikuwapo. Lakini wahusika wa filamu wote ni wa kubuni, na mageuzi yaliyofanywa yanastahili kuangaliwa. Katika filamu, watatu kati yao ni wakimbiaji waliokosa nafasi ya Olimpiki ya kiangazi kwa ajali ya kuangushana, na sasa wanashika chochote kinachowajia. Katika ukweli, Wamarekani wawili wenye uhusiano na Jamaika, George Fitch na William Maloney, ndio waliobuni wazo hilo baada ya kuona mashindano ya mikokoteni ya kusukuma. Wakimbiaji hodari hawakuonyesha hamu, na wito ukapelekwa jeshini. Dudley Stokes alikuwa rubani wa helikopta na kapteni katika jeshi la Jamaika. Devon Harris alikuwa ofisa aliyepata mafunzo Sandhurst, Uingereza. Hawa hawakuwa watu waliookotwa njiani. Walikuwa wamezoea amri, mashine, na hatari.

Ofisa wa jeshi hawezi kuchekesha kama mtu anayeanguka ovyo kwenye theluji. Basi jeshi limefutwa. Vivyo hivyo umefutwa ukarimu. Katika filamu timu za mataifa mengine, hasa Wajerumani wa Mashariki, zinawadhihaki Wajamaika na kuwatazama kwa dharau, ilhali wachezaji wenyewe wameeleza kwamba walipokewa vizuri na kusaidiwa. Mnyonge wa filamu lazima awe peke yake. Akipata jirani mwema, hesabu ya fani inaharibika.

Kilele cha filamu hiyo ndicho chenye kufundisha zaidi. Timu halisi ilipinduka katika mteremko wake wa tatu, gari likiwa katika kasi ambayo dereva mwenye uzoefu wa miezi michache tu hakuweza kuidhibiti. Watunzi wameitumia picha halisi ya ajali hiyo, kisha wakaipa sababu ya uongo: katika filamu parafujo ya gari kuukuu imelegea. Kosa limetolewa mikononi mwa mtu na kutiwa katika chuma. Baadaye wachezaji wa filamu wanalibeba gari mabegani hadi mstari wa mwisho huku umati ukishangilia polepole, kisha kwa kishindo. Wajamaika wa 1988 walitembea kando ya gari lao lililokuwa likisukumwa juu ya barafu.

Yamkini itasemwa kwamba hilo la mabega ni urembo tu. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana cha kulinganisha. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni na kuumia goti. Alifika uwanjani giza likiwa limeingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, mguu umefungwa bendeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Bud Greenspan aliihifadhi picha hiyo katika filamu yake ya hali halisi. Hapana parafujo iliyolegea, hapana umati ulioandaliwa, na maumivu ya Akhwari hayakuhitaji kisingizio. Kuanguka kwake kunaachwa kuwa kuanguka. Cool Runnings ilitaka heshima ileile, ila haikuthubutu kuacha dereva akosee.

Na ukweli, kama ilivyo desturi yake, uliendelea baada ya filamu kwisha. Mwezi Februari 1994, miezi michache tu baada ya Cool Runnings kutolewa, timu ya Jamaika ya watu wanne ilimaliza ya 14 katika Olimpiki ya Lillehammer, Norwe, mbele ya Marekani. Hakukuwa na machozi wala mabega. Ilikuwa kazi ya miaka sita.

Filamu ya tatu inahusu ujirani wa karibu. Queen of Katwe, ya mwaka 2016, imeelekezwa na Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye amekuwa na makao Kampala kwa miaka mingi, nayo inafuata kitabu cha Tim Crothers kilichotolewa mwaka 2012 kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi na ambaye alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende. (Anayetilia shaka kwamba sataranji ni mchezo wa kuhesabiwa pamoja na mbio akumbuke kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliukubali hivyo mwaka 1999.) Katika filamu hii mnyonge hayuko peke yake. Ana mama, ambaye Lupita Nyong'o, Mkenya, amemwigiza bila kumwonea huruma hata mara moja, ana ndugu, ana watoto wenzake wanaomfundisha, na ni mtoto mdogo kuliko yeye anayemweleza kwamba kete ndogo kabisa ikivuka ubao hugeuka kuwa malkia. Umaskini wake pia una bei. Mafuta ya taa yana bei, kodi ya chumba ina bei, matibabu yana bei, na mtazamaji anaziona fedha zinavyohesabiwa. Katika Hoosiers umaskini ni mandhari ya mashamba ya majira ya kupukutika majani. Katika Queen of Katwe ni hesabu ya kila jioni.

Zaidi ya hayo, filamu hii imethubutu kumwacha Phiona ashindwe mahali ambapo fani ilimtaka ashinde. Anapopelekwa Khanty-Mansiysk, Urusi, katika Olimpiadi ya sataranji ya 2010, anashindwa, na hapana wa kulaumiwa: mpinzani alijua zaidi. Ni kweli kwamba baadaye filamu inamrudisha katika njia iliyozoeleka, na mwisho wake ni wa furaha kama mwisho wa filamu yoyote ya Disney. Lakini majina yanapoanza kupita mwishoni, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu aliyemwigiza. Madina Nalwanga anasimama na Phiona, Nyong'o anasimama na mama halisi. Wanatazamana na kucheka. Baada ya saa mbili za kusadikishwa, mtazamaji anaonyeshwa wazi kwamba aliyekuwa akimtazama ni mwingine. Hapo, kwa muda mfupi, filamu ya Marekani imerudi kwenye mapatano ya "Paukwa".

Lipo hata hivyo jambo ambalo watahakiki wengi wa magazeti hawakulitilia maanani, nalo ni la kwanza kwa mtaalamu wa lugha. Watu wa Queen of Katwe wanazungumza Kiingereza. Mama anazungumza Kiingereza na wanawe ndani ya chumba chao, watoto wanatukanana kwa Kiingereza barazani, mama mwenye nyumba anadai kodi kwa Kiingereza. Kiganda kimeachiwa maamkizi, mishangao na nyimbo. Lafudhi imehifadhiwa kwa uangalifu, na waigizaji wamejitahidi. Lakini lafudhi ni ganda la lugha, si kiini chake. Kinachopotea si maneno tu. Sehemu kubwa ya unyonge wa mtoto wa Katwe aingiapo katika shule ya matajiri kucheza sataranji ni kwamba anatoka katika lugha yake na kuingia katika lugha ya wale watakaomhukumu. Ukingo huo upo kila siku Kampala, upo Nairobi, na kila mwalimu wa shule ya msingi anaujua. Katika filamu ukingo huo haupo, kwa kuwa pande zote mbili zinasema lugha moja. Tofauti iliyobaki ni ya mavazi na namna ya kula. Filamu inayomtaka mtazamaji aamini kuwa kisa ni cha kweli imeondoa ugumu mmoja wa kweli kuliko yote, na imeuondoa kwa ajili ya mtazamaji asiyependa kusoma tafsiri chini ya picha. Wajamaika wa Cool Runnings walitendewa vivyo hivyo: Kijamaika chao kimebaki kama kiungo cha kuchangamshia Kiingereza.

Kutokana na hayo yote swali linazidi kujitokeza: ni nani hasa anayepewa jina la mnyonge? Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fani hii ina jawabu lake, na jawabu hilo linaonekana vizuri kwa kurudi Indiana.

Katika safari yake ya kuelekea fainali za 1954, Milan iliitoa shule ya Indianapolis iitwayo Crispus Attucks. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1927 ili wanafunzi weusi wa sekondari wa mji huo watengwe na weupe. Hadi mwaka 1942 haikuruhusiwa hata kuingia katika shindano la jimbo. Ukumbi wake wa michezo ulikuwa mdogo mno kupokea wageni, hivyo timu ililazimika kucheza michezo yake yote katika kumbi za wengine. Katika timu iliyotolewa na Milan alikuwamo kijana aliyeitwa Oscar Robertson. Mwaka uliofuata, 1955, Attucks chini ya mwalimu Ray Crowe ilitwaa ubingwa wa Indiana kwa kuishinda Roosevelt ya Gary alama 97 kwa 74. Haikuwahi kutokea katika Marekani nzima shule ya weusi watupu kutwaa ubingwa wa jimbo ulio wazi kwa wote. Wala hapana shule yoyote ya Indianapolis, ya rangi yoyote, iliyokuwa imewahi kuuleta ubingwa huo mjini. Mwaka 1956 waliutwaa tena bila kushindwa mchezo hata mmoja.

Mabingwa walikuwa na desturi ya kusherehekea katika uwanja wa mnara ulio katikati ya mji. Mwaka 1955 vijana wa Attucks walipandishwa juu ya gari la zimamoto, wakazungushwa hapo kwa muda mfupi, kisha wakapelekwa katika bustani ya mtaa wa weusi ili sherehe ikafanyike huko. Robertson alilikumbuka jambo hilo maisha yake yote na ameliandika.

Hapa ni mahali ambapo kisa cha kweli kina kila kitu ambacho fani inakitaka: shule iliyonyimwa, ukumbi usiotosha, kushindwa mwaka mmoja na kurudi mwaka wa pili, ubingwa, na mji usiojua la kufanya na mabingwa wake. Hapahitaji mwalimu mlevi wala parafujo. Kinachokosekana ni kimoja tu. Katika Hoosiers ushindi unaponya: mwalimu anasamehewa, baba mlevi anapata matumaini, mji unapatana. Ushindi wa Attucks haukuuponya mji, bali uliufichua. Na wale waliofichuliwa ndio wangekuwa watazamaji.

Wapinzani wa Hickory katika fainali ya filamu wana wachezaji weusi, warefu na wepesi, na mtazamaji anatakiwa awaogope kwa niaba ya vijana wa kijijini. Fainali hiyo ilipigwa picha katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Butler, Indianapolis, ambao ndimo Milan ilimoshindia mwaka 1954, na ndimo Attucks ilimoshindia mwaka 1955 na 1956. Kwenye benchi la timu inayoshindwa ameketi mwalimu mweusi mwenye umri mkubwa. Kamera inamwangalia mara chache. Aliyepewa nafasi hiyo ya kuigiza ni Ray Crowe.